Daftari la Vyuma

Tarehe 16 Julai 2021, katika mji wa Izumisano ulio kando ya ghuba ya Osaka, Japani, kijana mmoja wa Uganda hakutokea kutoa mate yake kwa ajili ya kipimo cha UVIKO-19. Walipokwenda chumbani kwake hotelini hawakumkuta. Walikuta karatasi. Jina lake Julius Ssekitoleko, umri wake miaka 20, mchezo wake kunyanyua vyuma. Kwenye karatasi ile alikuwa ameandika kwamba maisha Uganda ni magumu, hataki kurudi, anataka kufanya kazi Japani. Akaomba pia mizigo aliyoiacha ipelekwe kwa mke wake.

Mitandaoni watu walichekeshana sana. Mnyanyua vyuma amejinyanyua mwenyewe, na mengine ya namna hiyo. Kwetu Ibadakuli nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo, na kaka yangu aliniomba nimsomee habari yote, tangu juu hadi chini, na kwa Kiswahili. Nikamsomea. Nilipofika kwenye mizigo aliinua mkono nisimame.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Basi huyo hakutoroka," akasema. "Anayetoroka hatumi mizigo nyumbani."

Hapa inabidi nieleze kaka ni nani, na kwa nini habari ya mtu wa Izumisano ilimhusu mpakia magunia wa Shinyanga.

Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, upande ulipo uwanja wa ndege. Ukisema Shinyanga, wageni wanafikiria almasi za Mwadui, na ni kweli hatuko mbali nazo. Mwaka 1947 huko Mwadui lilipatikana lile jiwe la waridi ambalo Williamson, mwenye mgodi, alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilikuwa na karati 54.5, yaani gramu 10.9. Nimewahi kupima kijiko cha chai kilichojaa sukari ya kufurika, kikakaribia uzito huo. Lakini wengi tuliokulia huku almasi tunazisikia tu. Tunavyovijua kwa mabega ni vitu vyenye uzito wa kweli: pamba, mpunga, mahindi, saruji, maji.

Chuma chetu kilikuwa nyuma ya nyumba ya jirani, chini ya mwarobaini. Ninaposema chuma usifikirie yale magurudumu yenye rangi. Lilikuwa bomba la maji lililookotwa penye ujenzi, na kila ncha ilikuwa imesimikwa kwenye zege lililomwagwa ndani ya ndoo ya rangi ya lita ishirini. Zege lilipokauka ndoo ikachanwa, ukabaki mche wa saruji wenye alama za mikunjo ya plastiki ubavuni. Lilikuwapo pia dogo, la ndoo za lita kumi, la wanaoanza. Na eksili ya gari iliyokuwa haina kitu pembeni, ya kupashia misuli moto. Vijana kumi hivi walikuwa wanakuja jioni, wengi wao wapakiaji na waendesha bodaboda, mmoja fundi uashi, ambaye ndiye aliyechanganya zege.

Mimi nilikuwa karani. Hilo ndilo jina walilonipa, na halikuwa sifa tupu. Nilikuwa kidato cha tano, nina mwandiko mzuri, na nilikuwa naandika kwenye daftari la mistari nani amenyanyua nini, siku gani, mara ngapi. Kwa Wasukuma wa umri wa babu yangu neno karani lina harufu yake. Karani ni yule aliyekaa nyuma ya mizani ya pamba. Mkulima analeta mzigo aliouhangaikia tangu mvua za kwanza, karani anausoma, na anachokisoma ndicho unacholipwa. Moja ya manung'uniko yaliyozaa ushirika wa wakulima wa Kanda ya Ziwa miaka ya mwanzo ya 1950 lilikuwa hilo hilo, mizani. Watu waliweka wapimaji wao wenyewe vituoni kuhakiki kilo. Kutoka huko akaibuka kijana Paul Bomani, na kufikia 1955 kulikuwa na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika. Babu alikuwa akinitania: karani, usituibie. Mimi nacheka, lakini nilikuwa naandika kwa kalamu ya wino.

Kaka ndiye alikuwa bingwa wa pale. Mtu wa kilo 62, mfupi, shingo imeingia mabegani, miguu minene kuliko inavyotakiwa na suruali za dukani. Alikuwa anapakia magunia kwenye ghala moja la mpunga mjini. Lumbesa, ambayo serikali kila mwaka inaipiga marufuku na kila mwaka inarudi. Kisheria gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu, likawa na mimba na kichwa. Shirika la Kazi Duniani lilishapendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe mara kwa mara zaidi ya kilo 55. Nilipomwambia kaka namba hiyo alidhani nazungumzia mtoto.

Ila kuna jambo ambalo watu hawalijui kuhusu mpakiaji, na kaka ndiye aliyenifundisha. Mpakiaji hanyanyui. Anatwishwa. Watu wawili wanashika gunia huku na huku, wanalirusha, yeye anaingia chini yake kwa mgongo, na kazi yake kuanzia hapo ni kutembea. Nguvu yake ni ya kuvumilia, haina ghafla ndani yake. Kwenye chuma hakuna wa kukutwisha. Kimelala chini, umesimama juu yake, na watu wote wamenyamaza.

Tulijifunza mchezo wenyewe kwenye simu. Una minyanyuo miwili tu. Wa kwanza unakitoa chuma sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Wa pili unakileta mabegani kwanza, unasimama nacho, kisha unakirusha juu. Kila mmoja una majaribio matatu. Waamuzi ni watatu, kila mmoja na taa yake, nyeupe au nyekundu, na nyeupe mbili zinakutosha. Viwiko vinyooke, miguu isimame sambamba, mwili utulie, ndipo unaruhusiwa kukishusha. Sisi waamuzi wetu walikaa kwenye benchi, na badala ya taa waliinua kofia.

Kilichotushangaza wote ni kwamba bingwa hakipandishi chuma hadi juu. Tazama video polepole utaona. Anakivuta kwa miguu na mgongo mpaka kinafika usawa wa tumbo au kifua, na pale, katika ile nusu sekunde ambayo chuma hakina uzito kwa sababu hakijaamua kurudi, yeye ndiye anayeshuka. Anakimbilia chini yake. Anachuchumaa kabisa, anakidaka, kisha anainuka nacho. Kaka aliitazama video hiyo pengine mara mia. Alikuwa anaitazama akiwa amekula, akiwa hajala, akiwa chooni. Halafu akaanza kufundisha wengine, na alikuwa na sentensi moja: usikiite kije, kifuate.

Nilipofika kidato cha sita, daftari likaanza kunisumbua. Lilisema kaka amenyanyua "kubwa". Lilisema fulani amenyanyua "dogo mara nane". Kubwa ni kilo ngapi? Kila mtu alisema mia na ishirini. Kwa nini mia na ishirini? Kwa sababu fundi uashi alisema. Nikasema tukapime. Ukatokea ubishi wa siku tatu, na nilianza kuelewa kwamba si wote walitaka kujua. Mtu aliyewahi kunyanyua mia na ishirini ana kitu cha kupoteza.

Kaka alitaka. Jumapili moja Oktoba 2019 tukalipakia kubwa kwenye mkokoteni tukalipeleka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwenye mizani ya jukwaa. Halikukaa vizuri, bomba lilikuwa refu kuliko jukwaa, basi fundi akakata saruji zote mbili kutoka kwenye bomba kwa nyundo na patasi, akaahidi kuzirudisha. Tukapima moja moja. Bomba, kilo 9. Saruji ya kwanza, kilo 46. Saruji ya pili, kilo 49.

Mia moja na nne.

Watu walinyamaza kama kwenye msiba wa mtu asiyependwa sana. Kisha kaka akaanza kucheka. Alikuwa ameona kile ambacho mimi nilikuwa bado nakijumlisha: kilo tatu za tofauti. Miaka miwili alikuwa ananyanyua chuma kilichopinda upande mmoja bila kujua, na ndiyo maana kila siku alipokirusha juu kilikuwa kinamzungusha kidogo kuelekea kulia, na ndiyo maana alikuwa na bega moja lililozidi. "Nilidhani ni mimi," akasema. Nikaandika kwenye daftari kwa wino: 104. Nikapiga mstari chini. Siku iliyofuata vijana wawili hawakuja, na mmoja hakurudi tena.

Nina maoni yangu kuhusu hili, na najua yana ukaidi. Sisi tumekulia kwenye utamaduni unaojua sana kushindana. Usukumani kuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyokwenda mashindanoni na dawa na vichekesho na nyoka, na anayeshinda ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi kuja upande wake. Ukienda kwenye Bulabo pale Bujora, Kisesa, bado utaona. Ngoma ya Bugobogobo inachezwa na majembe, kazi ya shamba yenyewe imegeuzwa kuwa uhodari wa kutazamwa. Ni kipimo kizuri, umati haudanganyi kuhusu nani ameuburudisha. Lakini kwenye umati mtu anaweza kuwa bingwa kwa mdomo wake. Mimi nilipenda kipimo ambacho mdomo haufiki. Kilo 104 hazijui wewe ni mtoto wa nani wala una kelele kiasi gani.

Kipimo hicho ni kikali kiasi gani, angalia Sydney mwaka 2000, mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki. Katika uzani wa kilo 75 wanawake watatu walimaliza na jumla ile ile, kilo 245: María Isabel Urrutia wa Colombia, Ruth Ogbeifo wa Nigeria na Kuo Yi-hang wa Taiwan. Kwa sheria ya wakati huo aliyekuwa mwepesi wa mwili ndiye aliyewekwa mbele. Urrutia akapata dhahabu, Ogbeifo fedha, Kuo shaba. Hawakupishana kwa chuma. Walipishana kwenye mizani waliyopandishwa wao wenyewe kabla hawajagusa kitu.

Sasa turudi kwa Ssekitoleko.

Kabla ya Japani alikuwa ameshaiwakilisha Uganda kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2018, Gold Coast, Australia, katika uzani wa kilo 56. Dhahabu ya uzani ule ilikwenda kwa Mmalaysia aliyenyanyua 117 kwa mkupuo mmoja na 144 kwa miwili, jumla 261. Kaka alipoisikia 144 aliinuka akaenda nje. Kumbuka yeye na kilo zake 62 alikuwa na 104, tena mara moja moja, siku akiwa amelala vizuri.

Kisha ngazi ikaondolewa. Mwaka huo huo wa 2018 shirikisho la dunia lilibadilisha mizani ya miili, na kwa wanaume wa Tokyo uzani mdogo kuliko wote ukawa kilo 61. Mtu wa 56 hakuwa tena na mlango wake. Hata hivyo Ssekitoleko alikuwa ndani ya kundi la kwanza la Waganda waliotua Japani tarehe 19 Juni 2021, mapema kuliko karibu timu zote duniani, na mmoja wao akakutwa na virusi pale pale uwanja wa ndege wa Narita. Waliobaki wakapelekwa Izumisano kufanya mazoezi wakiwa wametengwa. Alikuwa huko akisubiri nafasi. Haikuja. Majina yalipokamilika lake halikuwamo, na akapangiwa kurudi nyumbani tarehe 20 Julai. Siku nne kabla ya ndege, akatoka hotelini. Ilijulikana baadaye kwamba alikata tiketi ya treni ya mwendo kasi kwenda Nagoya. Polisi walimpata tarehe 20 Julai, siku ile ile aliyotakiwa kupanda ndege, katika mji wa Yokkaichi, mkoa wa Mie, mzima, na kitambulisho chake mfukoni.

Tarehe 23 Julai, siku Olimpiki inafunguliwa Tokyo, yeye alikuwa Entebbe. Alishikiliwa na polisi kwa siku kadhaa, kisha akaachiwa.

Siku tatu baada ya ufunguzi, Hidilyn Diaz wa Ufilipino alinyanyua 97 na 127 katika uzani wa kilo 55 akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza katika historia yake yote ya Olimpiki. Baba yake aliendesha bajaji ya kwao huko Zamboanga. Janga lilipofunga mipaka alikwama Malaysia bila ukumbi wa mazoezi, akawa ananyanyua mti wa mwanzi ulioning'inizwa madumu ya maji. Nilimwonyesha kaka video zote mbili, ya mwanzi na ya jukwaani, ambako baada ya 127 Diaz anashika uso na kulia kabla hata chuma hakijaacha kudunda.

"Ana kilo ngapi huyu dada?"

"Hamsini na tano."

"Na amenyanyua?"

"Mia na ishirini na saba."

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo mimi, na elimu yangu, sikuwa nimelifikiria. "Yule wa Uganda angepewa nafasi ya huyu, angekaa hoteli ipi?" Alimaanisha: je, angekuwa na kwa kurudi? Diaz aliandaliwa zawadi za mamilioni na nyumba. Wanariadha wa Uganda waliopata medali Tokyo, Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai wakiwa na dhahabu, walipokelewa kishujaa. Kwa mnyanyua vyuma asiye na nafasi, tofauti kati ya 261 na kile alichokuwa nacho ni tofauti kati ya nyumba na chumba cha polisi. Kaka aliliona hilo haraka kuliko wachambuzi wote niliowasoma, labda kwa sababu kila jioni ghalani alikuwa analipwa kwa idadi ya magunia.

Nchi yetu nayo ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow 1980, zote za mbio: Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Tokyo ile tulipeleka wanariadha watatu, wote wa marathoni. Na ni Tokyo hiyo hiyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu alipomzidi Mjerumani kwa kifua akawa bingwa wa dunia, saa zao zikiandikwa sawasawa, 2:09:48. Mbio tunazijua. Kijana akikimbia vizuri kuna mwalimu atakayemwona, kuna jeshi litakalomchukua. Akinyanyua vizuri, atakayemwona ni mwenye ghala.

Na mwenye ghala kweli alimwona. Alimwongezea lumbesa, si malipo. Shilingi mia tatu kwa gunia, liwe la kilo mia au la kilo mia na thelathini, kwa sababu gunia ni gunia. Ni hesabu ya karani wa zamani, imegeuzwa tu: mkulima anaibiwa kilo zinazozidi, na mbebaji anazibeba bure. Kaka aliwahi kuomba walipwe kwa kilo. Akaambiwa alete mizani yake.

Mwezi wa tisa akaenda Geita. Alimwaga mama asubuhi na mapema, mama akiwa anawasha moto, akasema anakwenda machimboni upande wa Nyarugusu, kuna rafiki yake ana sehemu kwenye duara. Mama alimjibu salamu yake, mwangaluka, kama vile hakusikia mengine. Kisha akaendelea kupuliza moto ambao tayari ulikuwa umewaka. Mama ana kaka yake aliyefukiwa na kifusi kwenye machimbo miaka ya tisini, na nyumbani kwetu neno duara halitamkwi mezani. Baada ya kaka kuondoka alinilaumu simu yangu, si mimi. Alisema: hiyo simu imemwonyesha watu wanaoacha mizigo yao hotelini.

Kazi ya duara, kwa mtu mwenye mwili wa kaka, ni kupandisha mawe. Wachimbaji wako chini wanakula mwamba kwa moko na nyundo. Mawe yanajazwa kwenye viroba, yanafungwa kamba, yanavutwa na winchi ya mkono au yanapandishwa mgongoni kwa ngazi za matimba, kutegemea duara lenyewe. Juu yanapelekwa kwenye karasha kusagwa, unga unaoshwa kwenye mwalo, na mwisho wa yote hayo kuna kitu kidogo ambacho unaweza kukipoteza ukipiga chafya. Mbebaji mara nyingi halipwi fedha. Analipwa viroba. Katika kila idadi fulani ya viroba kimoja ni chake, na hakuna ajuaye ndani yake kuna nini mpaka kisagwe. Kaka anasema hiyo ndiyo tofauti na ghala. Kule gunia lilikuwa gunia. Huku kiroba kinaweza kuwa nyumba, na kinaweza kuwa kokoto.

Anatembea umbo lile lile, lakini mgongo wake sasa unalia asubuhi. Anasema ni baridi ya shimoni. Mimi nadhani ni miaka sita ya lumbesa, na miaka miwili ya kilo tatu upande mmoja. Nimemwomba akapige picha ya mgongo Bugando, Mwanza. Amesema akipata kiroba.

Nilipokwenda kumtembelea mwaka jana alinipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu, kwenye kibanda cha mabati chenye nondo dirishani. Juu ya meza kulikuwa na mizani ndogo ya betri, chini ya kifuniko cha kioo ili upepo usiongeze kitu. Kaka alikuwa na sehemu yake ya wiki tatu, imefungwa kwenye kipande cha karatasi ya sigara. Mnunuzi akaiweka. Namba zikacheza, zikatulia: 0.82. Pointi nane na kidogo, kwa lugha ya machimbo, maana gramu moja ni pointi kumi. Wiki tatu za viroba. Niliutazama uso wa kaka wakati namba zinacheza, na ulikuwa uso ule ule wa kwenye benchi chini ya mwarobaini, wa mtu anayesubiri kofia zipande. Mnunuzi akasoma 0.80. Kaka akasema, taratibu kabisa, bila kuinua sauti, "Isome yote, mzee." Mnunuzi akaisoma yote.

Jioni alinionyesha nyuma ya kambi. Wamesimika chuma. Bomba safari hii ni shafti ya karasha lililokufa, zito, limenyooka kama mstari wa rula, na kila ncha wamechomelea gurudumu la chuma la mashine ambayo sikuijua. Vijana saba walikuwa wanasubiri zamu, wengine wakiwa bado na vumbi la mwamba kwenye nyusi. Kaka hakunyanyua siku hiyo. Alisimama pembeni akimwelekeza kijana mmoja mwembamba wa Kahama, akimgusa kiuno kwa kidole, akimwambia usikiite kije. Kijana akakivuta, akachelewa kushuka, chuma kikarudi chini na vumbi. Akajaribu tena. Safari ya tatu akaingia chini yake, akakaa kule chini akitetemeka, akainuka. Watu saba wakapiga kelele.

Nikauliza kina kilo ngapi.

"Hatujapima," kaka akasema. "Mizani iliyoko hapa inaishia gramu mia tano."